Kabla hujaongeza dawa ya magamba kwenye mashine ya maji

Swali la msomaji wa Mtwapa: "Nina mashine ya RO, ile ya kutoa chumvi kwenye maji, ya membreni nne (vichujio laini mno vinavyozuia chumvi), inavuta maji ya kisima kirefu. Ilipokuwa mpya ilitoa lita 1,000 za maji matamu kwa saa. Sasa ni miezi saba, inatoa 600 na presha imepanda. Fundi alifungua akakuta unga mweupe, na kwenye chujio la mbele kuna utelezi. Muuzaji wa dawa ya magamba, ile ya kuzuia chokaa isigande kwenye membreni, anasema niongeze dozi mara mbili. Jirani yangu anasema niachane na dawa, nitie asidi ya betri kidogo kidogo. Dumu la kilo 25 naliona likiisha kwa miezi miwili na gharama inaniumiza. Maji ya kutupa, yale yanayotoka na chumvi iliyozuiwa, ni lita 250 kwa saa. Zamani yalikuwa 1,000 lakini fundi aliyapunguza kwa kuwa yalimwagika bure. Maabara walinipa chumvi zote 2,400 na ugumu 500, miligramu kwa lita. Mashine hufanya kazi saa 10 kwa siku. Nitumie dawa gani, na kiasi gani?"

Dada yangu, dozi usiiongeze, na hiyo asidi ya betri usiiguse kabisa. Nimelisoma swali lako mara tatu, na sehemu kubwa ya jibu umeiandika mwenyewe, pale unaposema fundi aliyapunguza maji ya kutupa. Nitafika hapo. Kwanza tupige hesabu ya dumu, maana ndiyo iliyonishtua.

Kilo 25 ni gramu 25,000. Miezi miwili ya saa 10 kwa siku ni saa 600. Kwa hiyo kila saa unatia gramu 42 hivi. Mashine yako ilipokuwa na nguvu zake, baada ya fundi kukaza valvu, ilikuwa inameza lita 1,250 kwa saa: 1,000 tamu na 250 za kutupa. Gawa, unapata miligramu 33 kwa kila lita. Dawa za kisasa za kuzuia magamba hutiwa kati ya miligramu 2 na 5 kwa lita ya maji yanayoingia. Tayari umezidisha mara sita ya kiwango cha juu, na bado unaambiwa uzidishe mara mbili!

Ila kuna uwezekano mwingine, na nimeuona kwa macho yangu: dumu limeshachanganywa na maji kabla halijafika kwako. Pima. Chukua chupa ya lita moja, ipime tupu, ijaze dawa, ipime tena. Dawa halisi ni nzito kuliko maji, mara nyingi kilo 1.1 hadi 1.4 kwa lita. Ukikuta lita ina kilo moja na gramu chache tu, basi umekuwa ukinunua maji ya bomba kwa bei ya dawa. Muuzaji mwaminifu atakupa karatasi ya bidhaa yenye uzito huo umeandikwa, nawe utalinganisha.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe ya dawa hii, kwa sababu wengi huichukulia kama sabuni, kwamba ikizidi itasafisha zaidi. Haisafishi chochote. Wala haiitoi chokaa ndani ya maji. Kalsiamu iliyoingia ndiyo itakayotoka, yote. Maji ya ukanda wetu, kuanzia Malindi hadi Mombasa na kuvuka hadi Unguja, kwa sehemu kubwa hukaa ndani ya miamba ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa tupu. Mvua ikipenya humo huyeyusha chokaa na kuja nayo kisimani. Ukoko mweupe unaouona kwenye birika la chai ndio huohuo unaoganda kwenye membreni, tofauti ni kwamba birika hulifanya kwa moto, na mashine hulifanya kwa kukamua maji matamu na kuiacha chumvi irundikane upande mmoja.

Punje ya chokaa ikianza kujijenga, hujijenga kwenye kona na kingo zake. Dawa hujibandika hapohapo kwenye kona, ujenzi ukakwama au ukaenda kombo, punje ikabaki ndogo na laini na ikasombwa na maji ya kutupa. Ndiyo maana gramu 3 za dawa zinaweza kuzuia maji yenye nusu kilo ya ugumu kwa kila lita 1,000: hazishughuliki na chokaa yote, zinashughulika na kona tu. Lakini ni kuchelewesha. Maji yatoke nje ya mashine kabla dawa haijashindwa, basi. Yakikaa, yataganda, dawa iwepo isiwepo.

Hapo ndipo valvu ya fundi wako inapoingia. Maji ya kutupa yakiwa lita 1,000 na matamu lita 1,000, kila kilichokuwemo kisimani hujilimbikiza mara mbili kwenye maji ya kutupa. Ukiyabana hadi lita 250 huku matamu yakibaki 1,000, hujilimbikiza mara tano. Mtu atasema kutoka mbili hadi tano si mbali. Lakini gamba la chokaa linahitaji vitu viwili vikutane, kalsiamu na kaboneti, na vyote viwili vimeongezeka. Mbili mara mbili ni nne. Tano mara tano ni 25. Fundi alidhani anaokoa maji, kumbe alikuwa anapika chokaa.

Kuna kipimo cha hali hiyo, kielezo cha Langelier, kilichopewa jina la mtaalamu wa maji wa California aliyekitoa mwaka 1936. Hukokotolewa kwa pH, kalsiamu, bikaboneti, joto na jumla ya chumvi. Sifuri maana yake maji yametulia. Juu ya sifuri yanataka kugandisha chokaa. Mashine isiyotumia dawa yoyote inatakiwa maji yake ya kutupa yawe chini ya sifuri. Dawa ya zamani ya polifosfeti hukufikisha kama +1 hivi. Dawa nzuri ya fosfoneti hukufikisha karibu +2, na watengenezaji wengine huahidi kuzidi kidogo hapo.

Maabara yako haikupima bikaboneti wala pH, au haikukuandikia, kwa hiyo nimekadiria kwa maji ya kawaida ya matumbawe: pH 7.3, bikaboneti na kalsiamu 350 kila moja zikihesabiwa kama chokaa, joto nyuzi 28. Ukitupa nusu, maji yako ya kutupa yanasimama karibu +1.3. Ukitupa lita 250 kama sasa, yanapanda hadi karibu +2.4. Cha kwanza dawa ya kawaida inakiweza bila kutoa jasho. Cha pili kiko nje ya uwezo wake hata ukimimina dumu zima kwa siku moja. Rudi maabara uwaombe vipimo hivyo, pamoja na salfeti, silika na chuma, na mimi nitakupigia hesabu upya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: mwambie fundi aifungue valvu irudi kutupa lita 1,000 wakati mashine inatoa 1,000. Najua inauma kuona maji yakienda, hasa ukikumbuka bili ya stima ya pampu ya kisima. Yakinge kwenye tangi lake. Yatakuwa na chumvi kama 4,800, hayafai kunywa wala kumwagilia mchicha, lakini ni mazuri kwa vyoo, kwa kuoshea sakafu na kwa kusugulia madumu nje kabla hujayasuuza kwa maji matamu. Mnazi utayavumilia ukiupa kwa kiasi. Tafadhali usiyaelekeze kwenye mikoko. Dawa hizi nyingi zina fosforasi, na hiyo ni chakula cha mwani.

Utelezi kwenye chujio, huo ndio uliokupa ushahidi wa kuzidisha. Dawa ya magamba ikizidi haikai bure. Fosfoneti iliyozidi hushikana na kalsiamu nyingi na kuwa gamba lenyewe, yaani unazalisha unachokizuia. Kilichobaki bakteria hukila. Ukichanganya dawa na maji kwenye tangi la dozi na kuyaacha wiki mbili kwenye joto la Mtwapa, utafungua ukute utando kama wa mtori. Kuna na chanzo kingine: je, unatia shabu kwenye tangi la maji ghafi yakichafuka wakati wa mvua? Dawa nyingi za magamba zina chaji hasi, na alumini ya shabu ina chaji chanya. Zikikutana hukumbatiana, zikawa ute unaonata kwenye chujio na kwenye membreni ya kwanza. Chuma nacho hufanya mchezo huo, hasa na dawa za jamii ya poliakrileti. Nilihangaika wiki nzima na mashine moja Kisauni, nikalaumu dawa, nikalaumu pampu, mwisho kijana wa zamu ya usiku akanionyesha mfuko wa shabu nyuma ya mlango.

Sasa membreni. Usizitupe bado. Fungua, uzitoe zote nne, uziandike namba kwa mpangilio wa maji yanavyopita, uziache zichuje, uzipime kwa mizani ya dukani. Gamba huanza nyuma, kwenye membreni ya mwisho, kwa sababu huko ndiko maji yamekolea. Utelezi na tope huanza mbele. Ya mwisho ikiizidi ya kwanza uzito kwa kilo nzima au zaidi, umeshajua. Kisha kwangua ule unga, uweke kwenye kisahani na uukamulie ndimu. Ukitoa povu ni chokaa ya kawaida, na hiyo husafishika. Usipotoa povu, huenda ni salfeti ya kalsiamu au silika. Hizo ni ngumu, na mara nyingi ni nafuu kununua membreni mpya kuliko kupambana nazo.

Nina hakika kiasi kwamba kwako itatoa povu, lakini pima.

Kusafisha: chukua maji matamu ya mashine yenyewe, lita 100, yasiyo na klorini, uyeyushe kilo 2 za asidi ya sitriki. Zungusha kwa pampu ndogo ya presha ya chini, isifikie kiasi cha kutoa maji matamu, kwa saa moja; acha ziloweke saa moja; zungusha tena. Angalia pH kila baada ya muda. Ikipanda ina maana asidi inakula chokaa, ongeza asidi. Ikitulia, kazi imekwisha. Lakini kwa kuwa una utelezi pia, anza na duru ya kostiki soda, pH isizidi 12 na joto lisizidi nyuzi 35, usuuze vizuri, ndipo uje na sitriki. Wengi hutanguliza asidi, na asidi huugandisha ule ute ukashika zaidi. Soma karatasi ya membreni yako kabla hujagusa kostiki, uvae glavu na miwani, na usizichanganye hizo mbili. Maji ya saa nzima ya kwanza baada ya kusafisha yamwage.

Na siku nyingine usingoje miezi saba. Maji matamu yakipungua kwa asilimia 10 kwa presha ileile, safisha. Yakifika 40 kama yako, chokaa imeshakuwa saruji na nusu ya nafasi ya kuziokoa membreni imekwenda.

Tuje kwenye asidi ya jirani. Wazo lenyewe si la kijinga. Mitambo mikubwa hutia asidi, huvunja bikaboneti ikawa hewa ya kaboni, na chokaa ikakosa mwenza. Ila tatizo la asidi ya betri ni kwamba haikutengenezwa iingie kwenye maji ya mtu kunywa, na ikiwa imetoka kwenye betri iliyotumika ina madini ya risasi ndani yake. Hata asidi safi ya salfuriki ingekuletea salfeti ya ziada, na salfeti ikikutana na kalsiamu yako hufanya lile gamba lisilosikia ndimu. Tena ile hewa ya kaboni hupenya membreni, maji matamu yakatoka machachu na kula mabomba ya chuma. Kwa mashine ya ukubwa wako, kuweka asidi kali kibandani karibu na watoto wanaokuja na madumu, hapana.

Utasikia pia habari ya kilainisha maji, lile tangi la chengachenga linalofuliwa kwa chumvi. Huondoa ugumu kweli, na kwa mashine ya nyumbani ni kitu kizuri. Kwako, lita 20,000 kwa siku zenye ugumu wa 500 ni kilo 10 za ugumu kila siku, na kufua hizo kunataka kilo 20 za chumvi au zaidi, kila siku ya Mungu. Linganisha na gramu 60 za dawa.

Ndiyo, gramu 60. Ukitupa nusu, mashine itameza lita 2,000 kwa saa. Anza na miligramu 3 kwa lita: gramu 6 kwa saa, gramu 60 kwa siku. Dumu la kilo 25 litakuchukua zaidi ya mwaka. Dumu ulilokuwa unalimaliza kwa miezi miwili!

Dawa gani? Majina yaliyo kwenye madumu yanabadilika kila msimu, angalia kilichomo. Ile poda nyeupe ya bei rahisi, heksametafosfeti ya sodiamu, ni dawa ya babu zetu na bado inauzwa. Kasoro yake ni kwamba ikishayeyushwa huvunjika yenyewe kwa siku chache, na kwenye joto upesi zaidi, ikabaki fosfeti ya kawaida isiyozuia kitu, bali inayoweza kufanya gamba jipya la fosfeti ya kalsiamu. Ukiitumia lazima uichanganye upya kila siku mbili tatu. Kwa maji yako chagua iliyo kimiminika yenye msingi wa fosfoneti, na iwe na cheti cha NSF/ANSI/CAN 60 (zamani NSF/ANSI 60), ambacho ni kiwango cha kemikali zinazoingia maji ya kunywa. Ukija kupakia chupa na kuomba alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, utafurahi kuwa na karatasi hiyo kwenye faili. Wateja wakikuuliza kama wanakunywa dawa, waambie molekuli zake ni kubwa na zina chaji, membreni huzisukuma upande wa kutupa pamoja na chumvi. Ndiyo maana nyingine ya kutomwaga ovyo yale maji.

Msomaji wa Nakuru au Arusha asiinakili dozi hii. Maji ya kule yametoka kwenye miamba ya volkano: kalsiamu huwa ndogo, lakini floridi na silika ziko juu, na silika ikipita miligramu 120 hivi kwa lita kwenye maji ya kutupa huganda kama kioo. Inahitaji dawa yake na hesabu yake.

Pampu ya dozi ndiyo mahali watu hukosea bila kujua. Gramu 6 kwa saa ni kama kijiko cha chai, pampu nyingi ndogo haziwezi kupima kiasi hicho sawasawa, kwa hiyo punguza makali: kilo 1 ya dawa kwa kila lita 9 za maji matamu, usizidishe maji zaidi ya hapo, na uchanganye kidogo kidogo kisikae wiki mbili tangini. Sasa gramu 6 za dawa zimo ndani ya mililita 60 za mchanganyiko. Usiamini namba zilizochorwa kwenye kitufe cha pampu. Chovya mrija wa kunyonya kwenye silinda ya kupimia, washa mashine, hesabu dakika 10: inatakiwa ishuke mililita 10. Rekebisha hadi ishuke hizo. Tangi la mchanganyiko lioshe kila unapolijaza, na usitie klorini humo. Na kama unatia klorini kwenye tangi la maji ghafi, dawa ya magamba haitailinda membreni. Klorini huila membreni yenyewe, lazima uiondoe klorini kabla.

Jambo la mwisho ni stima. Ikikatika ghafla, yale maji yaliyokolea hubaki yamesimama kwenye membreni ya mwisho, na nimesema dawa ni ya kuchelewesha tu. Saa mbili za giza zinaweza kufanya uharibifu wa wiki. Weka tangi la maji matamu juu ya kibanda, kama lita 100 ndani yake zisiguswe, na mrija wenye valvu unaoingia kati ya pampu kubwa na membreni. Stima ikienda, kijana afungue valvu, maji yashuke kwa uzito wake yasukume chumvi nje. Afanye hivyohivyo kila jioni mnapofunga kazi, hata kama stima ipo.

Kisha ukishazipima hizo membreni nne, niandikie uzito wa ya kwanza na wa ya mwisho, na uzito wa ile lita ya dawa.